Paa linavuja Julai, na mvua hakuna

SWALI

Ndugu mshauri, salaam kutoka Uyole, Mbeya.

Nina jengo la kupangisha lenye wapangaji sita, kila mmoja ana chumba na sebule. Urefu wake ni mita 18 na upana mita 6. Limeezekwa kwa bati za migongo midogo zilizopigwa misumari ya kawaida ya bati mwaka 2011, na dari ni la jipsamu. Mvua ziliisha Mei, lakini tangu Juni wapangaji watatu wananiita asubuhi kunionyesha dari limelowa. Matone yanadondoka karibu na taa, na pembeni kuna kuvu nyeusi. Mchana panakauka, kesho yake ni yale yale. Mpangaji wa mwisho ana tatizo la kwake: kwake huvuja mvua ikija na upepo, maji yanateremka ukutani upande ambao niliongeza jiko la uani.

Niseme pia kwamba mwaka jana wapangaji walilalamikia baridi na upepo unaoingia juu, nikamwita fundi akaziba kwa saruji matundu yote yaliyokuwa chini ya ukingo wa paa. Siku hizi karibu wote wanapikia gesi ndani.

Fundi niliyemwita safari hii amepanda, akasema misumari imelegea. Anataka ama apake lami kwenye misumari yote, ama ang'oe bati zote tuezeke upya. Mwingine ameniambia nisihangaike, nisubiri Oktoba. Wapangaji nao wanasema wakate kwenye kodi. Nifanye nini, na gharama hii ni ya nani?

Mama mwenye nyumba, Uyole

JIBU

Mama, usinunue lami na usiruhusu bati hata moja ing'olewe kabla hujajua maji yanatoka wapi. Kwa maelezo yako una matatizo matatu tofauti, na fundi wako anayatibu kwa dawa moja. Hayo ya asubuhi za Julai karibu hakika hayatoki mbinguni. Yanatoka ndani ya vyumba. Bati zako zinatoa jasho.

Uyole iko kwenye mita 1,800 hivi kutoka usawa wa bahari. Usiku wa kipupwe mbingu huwa wazi, na bati jembamba hupoteza joto lake kuelekea angani haraka kuliko kitu kingine chochote kwenye nyumba, kiasi kwamba alfajiri linakuwa baridi kuliko hata hewa iliyolizunguka. Ndiyo maana umande hulala juu ya bati kabla ya kulala ukutani. Chini yake mambo ni hayo hayo. Hewa ya chumba yenye nyuzijoto 18 na unyevu wa asilimia 70 huanza kuacha maji ikigusa kitu chenye nyuzijoto 12 hivi. Bati lako alfajiri lina 6, pengine 4. Mvuke ukipenya darini na kuligusa, unageuka matone papo hapo.

Na mvuke wenyewe ni mwingi kuliko watu wanavyodhani. Watu watatu wakilala saa nane hutoa karibu lita moja ya maji kwa pumzi na ngozi. Kilo moja ya gesi ya kupikia ikiungua hutoa takriban lita 1.6 za maji kama mvuke, maana yake mtungi mdogo wa kilo 6 ukiisha, karibu lita 10 zimeingia hewani humo ndani, mbali na mvuke wa maharage yenyewe. Ongeza nguo zinazoanikwa sebuleni kwa sababu nje kuna baridi. Zamani mvuke huo ulitoka kupitia yale matundu ya chini ya ukingo wa paa. Mwaka jana uliyaziba, na mwaka huu dari linalowa. Hukukosea kuwajali wapangaji wako, ila baridi waliyoilalamikia ilikuwa inashuka kwenye nyufa za dari, na pale ndipo palipotakiwa kuzibwa.

Hakikisha kwanza, usiniamini kwa barua tu. Asubuhi tatu mfululizo ambazo hazina mvua, kati ya saa kumi na mbili na saa moja, kabla jua halijapiga paa, zima umeme kwenye swichi kuu (maji yanadondoka karibu na taa, hilo si la kupuuza), fungua mlango wa darini na mulika tochi upande wa chini wa bati. Pitisha kiganja. Kama ni jasho, utakuta bati zima limelowa sawasawa, matone madogo yaliyopangana kama umande kwenye majani, na mengi zaidi juu ya vyumba vinavyopika ndani. Misumari inayochungulia kupitia papi (zile mbao nyembamba zinazobeba bati) nayo itakuwa na tone kwenye ncha. Jua likipiga, matone yanaungana, yanateleza na kudondoka mfululizo hadi saa tatu hivi, kisha panakauka. Kama ni kuvuja, bati kwa ujumla ni kavu, ila kuna mchirizi wa rangi ya chai unaoanzia kwenye msumari mmoja au kwenye kiungo cha bati mbili, na papi iliyo chini yake ina doa jeusi lenye duara.

Ukiwa humo ndani angalia jambo moja ambalo mafundi wengi hulipita: je, kuta za kugawa vyumba zimeishia darini au zimepanda hadi kwenye bati? Zikiishia darini, nafasi ya juu ni moja kwa jengo zima na hewa itapita kutoka ncha hadi ncha. Zikifika kwenye bati, kila mpangaji ana nafasi yake iliyofungwa, na kila nafasi inahitaji matundu yake.

Sasa kuyafungua. Kipimo kinachotumiwa na wajenzi wengi ni eneo la wazi la kupitisha hewa lisilopungua sehemu moja ya 300 ya eneo la dari, kama nusu yake iko chini kwenye ukingo na nusu iko juu. Hewa ikiwa na njia ya chini tu, kipimo kinakuwa sehemu moja ya 150. Jengo lako lina mita za mraba 108, hivyo unahitaji mita ya mraba 0.36 iliyo wazi kabisa. Lakini huwezi kuacha matundu bila wavu, popo na panya watahamia, na wavu wa mbu pamoja na vumbi lake hula karibu nusu ya nafasi. Kwa hiyo toboa mara mbili: mita ya mraba 0.72. Kwa jengo lako hiyo ni tundu moja la sentimita 30 kwa 12 mbele na jingine nyuma kwa kila mpangaji, jumla 12, na kwenye kila ukuta wa pembetatu ulio nchani mwa jengo tundu moja la sentimita 50 kwa 30, karibu na kilele kadiri unavyoweza. Yale ya nchani yawekee mbao za kuinama kuelekea nje ili mvua ya upepo isiingie. Kuta zikiwa zimepanda hadi kwenye bati, toboa pia kila ukuta wa kugawa, juu ya dari, tundu kama lile la nchani.

Angalia sana kwamba matundu haya yanafunguka juu ya dari, hayafunguki chumbani. Ndiyo siri ya kuwa na paa kavu na chumba chenye joto kwa pamoja. Hewa baridi inapita kati ya bati na jipsamu, na jipsamu inabaki kuwa kifuniko cha chumba. Kwa hiyo baada ya kufungua juu, ziba chini: tundu la waya wa taa, ufa unaozunguka ukingo wa dari, na mlango wa darini ambao kwa kawaida ni ubao uliolazwa tu. Upigie ukanda wa sponji kwenye fremu ili ukae kwa kukaza. Jikoni, kama kuna tundu la kutoa moshi lililoelekezwa darini, lielekeze nje. Kumwaga mvuke wa sufuria darini ni kumwagilia bati kwa makusudi.

Na hapa naomba uwaite wapangaji wote sita, uwaambie kwa kinywa chako. Yale matundu madogo ya juu ya madirisha yasizibwe kwa maboksi wala nguo. Wakati wa baridi watu huingiza jiko la mkaa ndani ili kupata joto, na chumba kilichozibwa chenye jiko la mkaa huua watu usingizini. Hewa ya kaboni monoksaidi haina harufu wala haiwashi koo, mtu hajui kinachomfika. Andika kwenye mkataba kwamba jiko la mkaa haliingii chumbani. Hili ni la kwanza kabla ya dari, kabla ya kodi, kabla ya yote.

Kuvu iliyokwisha kuota, isugue kwa maji na sabuni, iache ikauke kabisa, na usipake rangi hadi wiki mbili zipite bila dari kulowa. Ukipaka mapema itatokeza tena juu ya rangi mpya. Jipsamu iliyolegea ukiibonyeza kwa kidole haiponi, kata kipande hicho ubadilishe.

Tuje kwenye misumari, maana hapo fundi wako ameona kweli, ila dawa yake ni mbovu. Mwambie akuletee picha ya karibu ya msumari mmoja. Utaona kichwa kimeinuka kwa unene wa sarafu, raba iliyokuwa chini yake imepasukapasuka kama tope la bwawa lililokauka, na bati linalouzunguka lina pete ya kutu. Sababu ni mbili. Bati la mita 3 likitoka kwenye nyuzijoto 5 alfajiri hadi 55 mchana hurefuka karibu milimita 2, na usiku linarudi. Linavuta msumari hivyo kila siku tangu 2011. Ya pili ni mbao. Papi nyingi za mikoa hii ni misindano ya Sao Hill na mashamba ya Mafinga na Njombe, mbao nzuri, lakini mara nyingi hupigiliwa zikiwa mbichi. Zikikauka paani zinasinyaa, na msumari laini unabaki kwenye tundu pana kuliko wenyewe. Ndiyo maana kuugonga tena hakusaidii: mwezi mmoja umekaa, mwezi wa pili umepanda.

Lami haisaidii kwa sababu hiyo hiyo ya kurefuka na kusinyaa. Jua la nyanda za juu huikausha, inapasuka, kisha ule ufa unashika maji na kuyaweka pale pale kwenye kutu. Kibaya zaidi inaficha, fundi wa mwakani hataona msumari upi umelegea. Saruji ndiyo kabisa usikubali. Ni ngumu, haitembei na bati, na ikiwa mbichi hula zinki, ule utando unaolikinga bati na kutu.

Dawa ni kung'oa msumari na kuweka skrubu yenye raba. Kwa migongo midogo juu ya papi za inchi 2 kwa 2, skrubu ya milimita 65 inatosha: karibu milimita 20 zinaishia kwenye kimo cha mgongo, zinazobaki zinashika mbao. Msumari ung'olewe kwa nyundo ya kucha huku kipande cha ubao kikiwa chini ya nyundo, vinginevyo mgongo wa bati unabonyea na hapo ndipo dimbwi la mwakani. Skrubu mpya iwe nene kuliko msumari uliotoka ili iume mbao mpya. Kama tundu la zamani limepanuka, isogezwe sentimita 3 kwenye mgongo ule ule juu ya papi ile ile, na tundu la zamani lizibwe kwa silikoni. Skrubu zote zikae mgongoni, kamwe zisikae bondeni ambako maji hupita. Kukaza kuna kipimo chake: raba ibonyee na kulingana na ukingo wa kichwa, isitokeze nje. Ikitokeza imekazwa mno na itapasuka ndani ya msimu mmoja, na ukiweza kuizungusha kwa vidole imelegea.

Idadi nayo ujue kabla hujapewa orodha ya vifaa. Tuseme paa lako limetoka nje ya ukuta sentimita 60 kila upande, na kila mteremko una mistari mitano ya papi. Mistari ya ukingoni na ya kileleni, inayopigwa zaidi na upepo, iwe na skrubu kila mgongo wa pili. Mistari ya katikati kila mgongo wa tatu. Kwa bati ambalo migongo yake imeachana sentimita 7.6, hesabu inakuja karibu 1,000. Nunua 1,100. Kama mistari yako ni minne au sita, hesabu upya kwa njia hiyo hiyo. Ukibanwa na fedha, anza na mistari ya ukingoni, ya kileleni na viungo vya bati, halafu katikati umalizie mwaka ujao. Ila kama zaidi ya robo ya misumari inatikisika, badilisha yote kwa mkupuo mmoja, kumlipa fundi kupanda mara mbili ni hasara.

Silikoni ina aina mbili na duka halitakuambia. Ile inayonuka siki wakati inakauka hula zinki ya bati. Nusa kabla ya kununua, au uliza isiyo na asidi. Eneo la kupaka lisuguliwe kwa brashi ya waya, lipanguswe vumbi, liwe kavu kabisa. Ikipakwa juu ya umande itabanduka kama ngozi. Kutu ya juujuu sugua kwa brashi hadi uone chuma, paka rangi ya kuzuia kutu yenye zinki mikono miwili. Tundu kubwa kuliko kichwa cha skrubu linahitaji kiraka cha bati la aina ile ile, kizidi tundu sentimita 10 kila upande, na ncha yake ya juu iingie chini ya bati la juu kama kiungo kiko karibu, ili maji yapite juu ya kiraka.

Kung'oa bati zote kuna wakati wake. Chukua bisibisi, ukiwa darini bonyeza pale penye kutu. Likipenya, au kutu imeshika zaidi ya robo ya bati zote, basi ezeka upya. Ukifika huko chukua geji 28. Namba ikiwa ndogo bati ni nene: geji 28 ni karibu milimita 0.4 na geji 30 karibu 0.3, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama mvua ya mawe itaacha alama tu au itabonyeza mgongo mzima. Pima unene kwa kalipa (kipimo cha kubana) dukani, usitegemee maandishi. Na kabla bati halijalazwa, tandika juu ya papi karatasi ya foili ya kuezekea, kuanzia chini kwenda juu, kila safu ipande juu ya nyingine sentimita 15. Itapunguza jasho kwa kiasi kikubwa, lakini haifuti haja ya matundu.

Chumba cha mwisho ndicho kinachovuja kweli. Paa la jiko la uani limeegemea ukuta, na kwa kawaida fundi hujaza saruji kwenye pembe hiyo na kuondoka. Ukuta hautembei, bati linatembea, ufa unafunguka, na mvua ya upepo inaingia humo. Jaribu kwa mpira wa maji: anza kumwagilia chini ya paa la jiko dakika 10, panda kidogo dakika 10, hadi kwenye ukuta, mtu akiwa ndani na tochi. Ukianza juu hutajua chochote kwa sababu maji yatapita kila mahali kwa wakati mmoja. Ukipata mahali penyewe, ondoa saruji yote. Kata mfereji wenye kina cha sentimita 2.5 kwenye ukuta, sentimita 15 juu ya bati la jiko. Kunja kipande cha bati bapa chenye mdomo unaoingia kwenye mfereji huo, kishuke ukutani, kisha kilale juu ya bati la jiko sentimita 20. Mdomo ule upakwe lami kabla ya kuingia, hapo ndipo lami ina kazi yake halali, kwa sababu inautenga na saruji. Jaza mfereji kwa saruji moja na mchanga tatu, na ukingo wa chini ulio juu ya bati la jiko uuache huru uteleze.

Kileleni mwa paa angalia kofia, lile bati la kukunja linalofunika kilele. Mvua ya Desemba ikija na upepo hupanda kwenye mabonde ya bati na kuingia chini ya kofia. Fundi akunje ncha ya juu ya kila bonde kwa koleo isimame kidogo. Kazi hiyo ni ya nusu siku kwa paa lako na wengi hawaifanyi.

Kuhusu kusubiri Oktoba: hapana. Aliyekushauri anajua kwamba mvua zenu huanza Novemba, amesahau mambo mawili. Jasho linaonekana sasa, Oktoba bati halina jasho na hutaweza kujua kama matundu yanafanya kazi. Na upepo mkali unaotangulia mvua za kwanza ndio unaong'oa mapaa yaliyolegea misumari. Fungua matundu wiki hii, weka skrubu badala ya misumari Agosti, malizia kiungo cha jiko na gata (mifereji ya maji ya paa) Septemba, na katikati ya Oktoba paa liwe halina fundi juu yake. Ratiba hii inafaa pia Iringa, Mafinga na Njombe. Tukuyu haifai, huko mvua haikupi miezi mikavu mingi hivyo, inabidi kuvizia siku kavu.

Gata nitazipitia haraka. Kila mteremko wako unapokea maji ya mita za mraba 69 hivi. Mvua ya milimita 50 kwa saa inashusha hapo karibu lita 58 kila dakika. Weka bomba la kushusha la inchi 3 kila ncha, gata iinamie pande zote mbili kutoka katikati, sentimita 1 kwa kila mita 3, na vishikizo visipishane zaidi ya sentimita 90. Ondoa majani ya mikaratusi mwishoni mwa Oktoba. Choma fisha bodi (ubao wa ukingoni mwa paa) kwa bisibisi nyuma ya gata: ikizama zaidi ya sentimita moja imeoza, badilisha kwa mbao iliyotiwa dawa na kukaushwa.

Fundi asipande kabla ya saa nne asubuhi. Bati lenye umande linateleza kama sabuni, na huko Kitulo na Makete jalidi (umande ulioganda) huweza kulifunika hadi jua lipande. Akanyage kwenye mstari wa misumari, ambako kuna papi chini. Bati za plastiki za kupitisha mwanga asizikanyage hata kidogo, huwa dhaifu kwa jua na mtu hupenya moja kwa moja. Ngazi ifungwe juu, na mguu wake ukae mita moja kutoka ukutani kwa kila mita nne za kimo.

Swali la gharama: ni yako. Sheria ya Ardhi ya 1999, katika masharti yanayohesabiwa kuwemo kwenye mkataba wa upangaji hata kama hayakuandikwa, inamtaka mwenye nyumba aliyepangisha sehemu ya jengo atunze paa, kuta kuu na mifereji mikuu. Soma mkataba wako uone kama umesema vingine, lakini paa moja linalofunika wapangaji sita haliwezi kuwa la mpangaji yeyote mmoja. Kukata kodi wenyewe bila makubaliano pia si njia. Kaa nao, andikeni karatasi moja: kazi zipi, tarehe zipi, na punguzo kama lipo ni la miezi mingapi kwa wale watatu ambao dari lao limeharibika. Wao waahidi kutoziba matundu, kufungua dirisha dakika 15 baada ya kupika, na kuanika nguo nje. Unaweza kuwafungia kamba chini ya kibaraza, nguo zikauke hata siku ya mawingu.

Baada ya matundu kufunguliwa, rudi darini asubuhi ya tatu na ya kumi, saa ile ile. Bati likiwa limelowa kidogo tu na misumari haina matone, yanatosha. Likiwa bado limelowa sana juu ya mpangaji mmoja, tafuta ufa wa dari lake kabla hujatoboa zaidi, mara nyingi utaukuta pale waya wa taa unapopita.